Farasi anayeogopa kupanda trela: mfundishe kutoka kabla hujamfundisha kuingia

Saisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba subira. Nauandika kwa ajili ya kila mwenye farasi anayefika kwenye rampu ya trela (ule ubao wa nyuma unaoshushwa ili apandie), akanyanyua kichwa, akapuliza pua, kisha akagoma hapo hapo kama amepigiliwa misumari. Nimetunza farasi miaka mingi, na sijaona jambo linalowashinda watu wenye mapenzi ya kweli na wanyama wao kama hili.

Nianze na lile ninaloliamini kuliko yote. Farasi wa namna hiyo ana hofu moja kubwa: akiingia mle ndani hatapata njia ya kutoka. Ukimwondolea hofu hiyo, kuingia kunakuwa kazi ndogo. Watu wengi wanatumia nguvu zote kwenye kuingia, na kutoka hawajakufundisha hata siku moja.

Niliwahi kutunza farasi jike wa kijivu. Safari yake ya kwanza alivutwa na watu watatu, mlango ukafungwa mara tu mguu wa mwisho ulipoingia, gari likaondoka. Kwenye kona akateleza, akapiga magoti. Alishuka amelowa jasho mwili mzima. Tangu siku ile alikuwa akisikia tu mlio wa rampu ikishushwa anaanza kutetemeka akiwa bandani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tukamwita mkaidi, tukamchapa. Najuta mpaka leo, kwa sababu kila fimbo ilimhakikishia kile alichokuwa anakihofia, kwamba trela ni mahali pa kuumia.

Sasa jaribu kuliona trela kwa macho yake. Farasi ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu mzunguko mzima, takriban nyuzi 350. Asipoona ni mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Gizani anaona kutuzidi, lakini akitoka kwenye jua kali kuingia kwenye kivuli macho yake hukawia kuzoea kuliko yetu. Kwa hiyo saa sita mchana, pale wewe unapoona kibanda chenye nyasi, yeye anaona shimo jeusi. Akikanyaga, sakafu inalia kama ngoma na kutikisika chini ya kwato. Juu paa, kushoto ukuta, kulia ukuta. Huyu ni mnyama ambaye kinga yake ya kwanza tangu kuumbwa ni mbio, na wewe unamwomba aingie mahali ambapo hawezi hata kugeuka. Kusita kwake ni akili timamu.

Kabla ya mafunzo yoyote, mchunguze mwili. Mgongo unaouma, viungo vya miguu ya nyuma, vidonda vya tumbo, jicho lenye tatizo: vyote hivi vinaweza kumfanya akatae kupanda au kusimama kwenye kitu kinachoyumba. Kama alikuwa anapanda vizuri na ghafla ameacha, mimi ningemwita daktari wa mifugo kabla ya kushika kamba.

Kisha trela. Liwe limefungwa kwenye gari, breki ya mkono imevutwa. Trela lisilofungwa linaweza kuinuka mbele pale kilo 500 zinapokanyaga nyuma, na farasi aliyeona hivyo mara moja hasahau. Kagua mbao za sakafu, hasa chini ya mikeka ya mpira, kwa maana mkojo huozesha mbao kimyakimya. Fungua madirisha na mlango mdogo wa mbele ili mwanga upite. Sogeza ukuta wa katikati pawe papana. Mwaga maranda au nyasi kavu sakafuni na hata juu ya rampu, mlio unapungua na utelezi pia. Ukiweza, lielekeze trela ili jua liingie ndani kwa nyuma. Jambo dogo, lakini nimeona farasi aliyegoma asubuhi akapanda jioni kwa sababu tu jua lilikuwa upande mwingine.

Vaa glovu, viatu vigumu na kofia ngumu. Kamba ya kuongozea iwe ndefu, mita tatu na nusu au nne, na usiizungushe mkononi hata kidogo.

Mafunzo yenyewe yanaanza mbali na trela, na hapa ndipo pa kukaa sana. Farasi akuelewe kwenye vitu viwili: hatua moja mbele ukimwomba, hatua moja nyuma ukimwomba. Hatua moja, si kumi. Gusa kamba kwa wepesi kuelekea mbele, ngoja. Akielekeza hata uzito tu wa mwili mbele, legeza kamba papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa sekunde mbili, ameshafanya kitu kingine na hajui amesifiwa kwa lipi. Nyuma vilevile. Halafu mpitishe juu ya turubai, juu ya ubao mpana wa plywood unaotoa mlio, katikati ya mapipa mawili, chini ya kitu kinachoning'inia. Kila mara aingie, asimame, arudi kinyumenyume. Kanyaga ubao kwa miguu miwili, rudi. Kanyaga, simama, pumua, rudi. Mwambie arudi kabla yeye mwenyewe hajaamua kurudi. Hiyo ndiyo siri yangu yote, na inachukua siku kadhaa kabla hata hujalisogelea trela.

Ukifika kwenye trela unafanya yaleyale. Mguu mmoja juu ya rampu, toka. Miguu miwili, toka. Siku ya kwanza pengine utaishia hapo, na dakika kumi na tano zinatosha. Mrudishe akale. Siku ambayo miguu minne iko ndani na akashuka polepole, kichwa kimelegea, usifunge kitu. Rudia mara nyingi bila kufunga kitu chochote.

Nitaeleza kufunga na safari hapo chini, kuna hatari zake. Karibuni kwanza.

Kwato Nne

Mkuu nakuheshimu, lakini mimi nilifundishwa kwamba punda haendi bila kigongo, na farasi ni ndugu yake. Tunapitisha kamba ndefu nyuma ya mapaja, watu wawili wanavuta kutoka mbele, mmoja yuko nyuma na mjeledi. Dakika tano yuko ndani. Hizo siku zako zote nani anazo?

Saisi

Kwato Nne, ndugu yangu, nimeifanya njia hiyo kwa mikono yangu kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Kamba nyuma ya mapaja kwa farasi mtulivu aliyezoea kuguswa nayo ni ishara tu, wala siipingi. Kwa farasi mwenye hofu ni kitu kingine kabisa. Farasi akibanwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja anabakiwa na njia moja, juu. Anasimama kwa miguu ya nyuma, na hapo ama anagonga utosi kwenye paa ama anaangukia mgongo. Nimeona farasi akipasuka utosini. Nimeona mtu akivunjika mkono kwa kamba aliyoizungushia kiganjani.

Halafu hizo dakika tano ni za leo. Kesho zinakuwa ishirini, keshokutwa saa nzima, kwa sababu kila mara amejifunza kwamba kusogelea trela kunaleta maumivu.

Kuna utafiti wa Ferguson na Rosales-Ruiz uliochapishwa mwaka 2001, naupenda kwa sababu uliwahusu farasi wa namna hii hasa: majike watano waliokuwa wamezoeshwa kupandishwa kwa kulazimishwa. Kwanza walifundishwa kugusa kitu maalumu kwa pua na kupata tuzo. Kisha kitu hicho kikawa kinasogezwa hatua kwa hatua mpaka ndani ya trela. Vurugu zilikoma mara tu baada ya somo la kugusa, wote watano wakapanda, na walipoletewa trela jingine na mtu mwingine wakapanda pia. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Farasi aliyelazimishwa hupanda kwa kumwogopa mtu fulani, huyo mtu asipokuwepo kazi inaanza upya.

Muda ninao kwa sababu nimeona unakopotea usipoutoa.

Mama Zizi

Asante sana kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Wa kwangu anaingia bila shida. Tatizo anatoka kama risasi! Nikifungua tu upau wa nyuma (ule unaomzuia nyuma ya mapaja) anarudi kwa kasi, juzi nusura anikanyage. Na mara moja aliteleza ukingoni mwa rampu akachubuka mguu. Nifanyeje?

Saisi

Mama Zizi, pole, na asante kwa kuuliza maana hili ndilo linaloumiza watu zaidi.

Kwanza nikuulize kitu: unapofungua upau wa nyuma, je, kamba ya kichwani bado imefungwa mbele? Kama ndiyo, acha leo hii. Kanuni yake ni ya kushika kichwani hata usingizini. Wakati wa kupanda, unafunga upau wa nyuma KWANZA, kisha rampu, ndipo unafunga kamba ya kichwa. Wakati wa kushuka, unafungua kamba ya kichwa KWANZA, ndipo rampu, na upau wa nyuma mwisho kabisa. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma pako wazi atarudi, kamba itamkaba, ataingiwa na kiwewe, atavuta kwa uzito wake wote. Kitu lazima kikatike, na mara nyingine ni shingo yake inayoumia. Na wewe unayefungua nyuma simama pembeni. Usisimame katikati kama mlinda mlango, wala usijiweke mahali ambapo rampu itakuangukia.

Sasa hiyo kasi. Farasi anayetoka mbio hakuingia kwa amani, alivumilia tu. Anahesabu muda wa kukimbia. Kwa hiyo rudi kwenye hatua moja moja. Mwingize miguu miwili ya mbele tu, msimamishe, mwombe hatua moja nyuma, msimamishe tena, mrudishe mbele hatua moja. Cheza na hiyo mbele na nyuma mpaka imchoshe. Pale ukingoni mwa rampu anaogopa kwa sababu kwato ya nyuma inashuka mahali asipopaona, kumbuka nyuma ya mkia ni sehemu yake ya giza. Mfundishe neno. Mimi husema "chini" kila mguu wa nyuma unapokaribia kushuka, sauti ileile, taratibu. Unaweza kuanzia kwenye ukingo mfupi wa ardhi, hatua ya kiganja kimoja tu, bila trela. Baada ya siku chache utamwona akisikia "chini" anaupeleka mguu nyuma na kupapasa kabla ya kuweka uzito.

Na angalia rampu yako haimomonyoki wala haiyumbi ukingoni. Isiposimama sawasawa, weka ubao chini yake.

Mpanda Mlima

Swali la haraka. Je, kumweka farasi mwingine mtulivu ndani ili huyu mwoga amfuate? Na ndoo ya chakula vipi, wengine wanasema ni rushwa.

Saisi

Mwenzake anasaidia sana, farasi ni mnyama wa kundi. Tahadhari yangu ni moja: hakikisha baadaye anajifunza kupanda peke yake pia, la sivyo siku mwenzake hayupo utarudi mwanzo.

Chakula kinategemea wakati. Ukimpa akiwa ameshafanya jambo, umemlipa. Ukikitikisa mbele yake ili umvute apite hofu yake, anaweza kukifuata kwa shingo huku miguu imebaki nje, kisha ghafla anagundua yuko ndani na anarudi kwa hofu mara mbili. Mimi naweka nyasi mle ndani na kuziacha. Akifika, zake. Asipofika, hakuna anayemlaumu.

Mganga wa Mifugo

Naongezea kutoka upande wa tiba kwa sababu naona uzi unaelekea safarini.

Usifunge kichwa juu na kwa ufupi kwa muda mrefu. Farasi husafisha njia yake ya hewa kwa kuinamisha kichwa. Akisafiri saa nyingi kichwa kikiwa juu, vijidudu na ute hujikusanya na anaweza kupata homa ya mapafu ya safarini, ugonjwa unaoweza kuua. Safari ikiwa ndefu, simameni kila baada ya saa nne hivi, mlegezee kamba ainame, mpe maji. Baada ya kufika, mpimeni joto la mwili siku mbili tatu zinazofuata.

Kuhusu dawa za kutuliza: msinunue na kumchoma wenyewe. Dawa hizo hupunguza uwezo wa kujishika gari linapokata kona, na farasi aliyetulizwa anaweza bado kushtuka ghafla. Daktari aamue, kwa dozi ya mnyama huyo, siku hiyo.

Kwato Nne

Sawa, nimesoma. Lakini nijibuni hili kwa ukweli: farasi ana tumbo la kukata, usiku, lazima afike hospitali. Hizo hatua moja moja zinafaa wapi?

Saisi

Hapo hazifai, nakubaliana nawe.

Usiku kama huo mpigie daktari kwanza, muulize kama anaweza kuja yeye. Kama lazima aende, washa taa zote za trela, fungua ukuta wa katikati, leta mwenzake mtulivu, tengeneza njia nyembamba ya vizuizi imara pande mbili mpaka kwenye rampu, watu wawe wachache na wasipige kelele, na daktari ampe cha kumtuliza. Unafanya kinachobidi. Ila ujue umekopa kutoka kwenye imani yake, na akipona utarudi kulipa kwa hatua zilezile. Na ni kwa sababu ya usiku huo ndiyo nawasihi watu waanze kufundisha leo, wakati hakuna haraka.

Sasa nimalizie kufunga na safari kama nilivyoahidi.

Kufunga kunafundishwa kama kila kitu kingine. Akiwa ndani ametulia anakula, mtu wa pili anagusa upau wa nyuma ulie, anauacha. Siku nyingine anauinua mpaka unamgusa mapaja, anaushusha, farasi anatoka. Kisha unafungwa kwa pumzi tatu, unafunguliwa. Kisha rampu inainuliwa nusu, inashushwa. Anajifunza kwamba kila kinachofungwa hufunguliwa. Mtazame usoni wakati huo. Pua iliyotanuka, weupe wa jicho, mkia uliobanwa, kinyesi kila dakika, hizo ni dalili kwamba umekwenda mbele kuliko yeye. Rudi hatua moja bila kukasirika. Ukitaka kuwa na uhakika weka mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wake wa mbele wa kushoto, usikie moyo. Farasi mzima aliyetulia mapigo yake ni kama 28 hadi 44 kwa dakika. Unahisi 80 na amesimama tu? Basi hajatulia, hata kama miguu haitikisiki. Kuna farasi wanaoogopa kwa kuganda, na hao ndio watu huwasifu kuwa wamekubali.

Safari ya kwanza iwe fupi: washa injini tu, zima, toka. Kesho yake zunguka karibu, rudi nyumbani, mshushe palepale alipopandia. Farasi ambaye kila akipanda trela anashukia kwenye sindano au kwenye kazi ngumu ataunganisha mambo hayo mapema sana. Mpeleke mahali akale majani nusu saa, mrudishe.

Na dereva, tafadhali. Farasi anasimama kwa miguu minne kwenye sakafu inayokimbia, hana cha kushika. Punguza mwendo kabla ya kona, wala usiongeze kasi mpaka trela lote limenyooka. Panda nyuma ya trela tupu siku moja, mahali pa faragha pasipo na magari mengine, mwendo wa mtu kutembea, usikie breki zinavyokutupa. Mimi nilipofanya hivyo ndipo nilipoelewa yule jike wa kijivu alipitia nini kwenye ile kona. Kuna utafiti ulioonyesha kwamba farasi waliosafirishwa wakitazama nyuma walikuwa na mapigo ya moyo ya chini kuliko waliotazama mbele. Matrela mengi hayakutengenezwa kwa mpangilio huo, kwa hiyo usimgeuze kienyeji kwenye trela la kutazama mbele, uzito unaweza kukaa vibaya. Lakini ukimwona wako anajaribu kujipinda ukutani, jua anatafuta namna ya kujishika.

Mpanda Mlima

Yule jike wa kijivu aliishia vipi mkuu?

Saisi

Ilichukua karibu miezi miwili. Wiki tatu za kwanza hatukuvuka rampu hata mara moja, tulikuwa tunakanyaga ubao uwanjani na kurudi. Siku aliyoingiza miguu minne nilimtoa mara moja, nikamvua hatamu, nikamwachia malishoni, sikumwomba kitu kingine siku ile. Kesho yake aliingia hadi ndani akasimama, akageuza sikio moja kwangu akingoja. Nikamwambia atoke. Alitoka hatua tatu, "chini", hatua mbili, akasimama kwenye nyasi, kisha akarudi ndani mwenyewe kabla sijavuta kamba.

Mama Zizi

Nimejaribu leo asubuhi na wa kwangu, ile ya miguu miwili mbele na nyuma. Mara ya kwanza alitoka kwa kasi kama kawaida. Mara ya saba hivi alisimama ukingoni, akapapasa kwa mguu wa nyuma kama ulivyosema, akashuka taratibu. Niendelee kumwingiza mpaka ndani kesho?

Saisi

Hongera sana Mama Zizi, umenifurahisha moyo. Kesho rudia miguu miwili tu. Akishuka hivyo mara tano mfululizo, ongeza mguu mmoja.